Kazi ya ofisini na mshipi: fuata maji, usifuate Ijumaa

SWALI: Assalam aleikum mzee. Mimi ni karani katika kampuni ya kupitisha mizigo bandarini. Naishi Tudor na mke wangu na watoto wawili. Kuvua nimekupenda tangu utotoni. Kila Ijumaa usiku, na mara nyingine Jumanne au Jumatano, hutoka na mshipi wangu nikarudi alfajiri. Mwaka huu nimepewa barua ya onyo kwa makosa ya makaratasi, na mama mkwe ameshaniambia mshika mbili moja humponyoka. Nimefikiria kuchukua mkopo wa Sacco ninunue boti ya faiba na injini, kisha baadaye niache kazi. Je, mtu anaweza kushika vyote viwili, au nichague? Na mwanangu wa miaka minane analilia tufuatane. (K., Tudor)

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu.

Ofisi za kusimamia wafanyakazi nimezikalia miaka mingi, na mshipi niliushika kabla ya kalamu, kwa hiyo barua yako naielewa pande zote mbili. Nimeisoma mara ya pili nikitafuta neno moja, na sikulipata. Umetaja Ijumaa, umetaja Jumanne na Jumatano. Maji hukuyataja popote. Hukuniambia yalikuwa yanajaa au yanakupwa, bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) au maji mafu (yale madogo ya nusu mwezi). Unakwenda baharini siku ambayo ofisi imekuachia, ukifika unakuta maji yameshatoka, unangoja kwa muda wa saa nne au tano yarudi, na hizo saa za kungoja ndizo zinazokula usingizi wako. Mama mkwe wako amesema kweli kuhusu kushika mbili, lakini mimi naona hata hiyo moja ya bahari hujaishika sawasawa.

Basi tuanze na maji, maana humo ndimo nafasi yako ilimofichika.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili mchana na usiku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Hilo unalijua. Ambalo watu wengi wa ofisini hawalitilii maanani ni kwamba kila mahali pana saa zake za bamvua, na za Mombasa hazihami. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa umepotea kabla ya kuandama, maji hapa hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Ni hivyo mwaka huu na itakuwa hivyo mwakani. Siku hizo kati ya maji kupwa na maji kujaa pana tofauti ya mita 3 na zaidi. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Maji hujaa kwenye saa nne au saa tano, jioni ukitoka kazini unayakuta chini, na tofauti haizidi sana mita 1. Hayo ndiyo maji mafu.

Sasa weka saa zako za kazi juu ya hesabu hiyo. Unatoka saa kumi na moja jioni. Siku mbili tatu baada ya mwezi kupotea au kupevuka, maji hujaa baina ya saa kumi na moja na nusu na saa moja. Kwa mwezi wa Kiislamu, ambao nadhani kalenda yake imetundikwa ukutani kwenu kama ilivyo kwangu, hizo ni tarehe mosi hadi tatu, na tena tarehe kumi na sita hadi kumi na nane. Siku hizo wewe ukifunga kompyuta, bahari inamalizia kujaa. Changu na tafi wameshapanda na maji kuja kulisha kwenye nyasi na miamba iliyokuwa kavu adhuhuri. Saa ya mwisho ya kujaa na saa ya kwanza ya kupwa ndizo za kula samaki, na zote mbili zinakuangukia wewe, tena mchana haujaisha. Swala ya Magharibi utaiswali palepale mwambani maji yakiwa yamesimama, kisha utavua tena yakianza kutoka. Saa mbili na nusu uko nyumbani umeshaoga. (Ramadhani ina hesabu yake nyingine, hiyo usiigombanie na mkeo.)

Kwa uhakika wa dakika, tafuta jedwali la maji. Mamlaka ya Bandari huchapisha la mwaka mzima, na wewe unayeshinda bandarini Kilindini huna udhuru wa kulikosa. Keti nalo jioni moja, chukua kalamu nyekundu, zungushia kila siku ya kazi ambayo maji yanajaa baada ya saa kumi na moja na kabla ya saa moja na nusu. Utaona zinakuja kwa mafungu, siku tatu nne pamoja, kila baada ya wiki mbili hivi. Ndizo siku zako. Siku zilizobaki za kazi usitoke na mshipi. Lala, kaa na watoto, malizia hesabu za mwezi. Na fungu likiangukia siku za kufunga mwezi ofisini, liache lipite. Jingine linafuata baada ya siku kumi na nne.

Najua utaniuliza: na usiku je? Maana mtu aliyezoea kuvua usiku haachi kwa kuambiwa. Usiku ubaki, lakini uwe Jumamosi, tena Jumamosi ya maji mafu. Maji hujaa saa nne au saa tano usiku, yanapanda taratibu, na chubwi dogo, ile risasi ya kuzamisha mshipi, linakaa chini bila kuburutwa na mkondo. Fika saa mbili, ondoka saa sita. Jumapili umelala hadi jua limepanda. Ile Ijumaa yako ya bamvua maji yalikuwa yanakupwa tangu jioni hadi saa nne za usiku, kwenye mlango wa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, mkondo unakata kama mto, unapoteza chubwi na ndoana, halafu unasingizia bahati.

Kuhusu ile barua ya onyo nitasema kama mtu aliyeziandika nyingi. Haikuandikwa kwa sababu unavua. Meneja wako huenda hata hajui. Imeandikwa kwa sababu namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na mtu aliyekesha husoma 6 akaandika 9. Tarakimu ya mwisho ipo kwa ajili ya kukagua zile za mbele, kwa hiyo kosa mara nyingi hugunduliwa. Lakini hugunduliwa mzigo umeshasimama, na kila siku unaposimama mwenye mali analipishwa. Mwenye mali akimpigia meneja simu kwa hasira, meneja atatafuta jina lililoingiza ile namba. Ndipo lako likaonekana.

Na uchovu wenyewe usiuchukulie kuwa ni uvivu wa kushindwa na kikombe cha kahawa. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi ya mkono na jicho vibaya sawa na mwenye kiasi cha pombe cha 0.05 kwa mia kwenye damu. Wewe Jumanne unaamka saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano usiku uko mwambani na saa 17 zako zimetimia, na bado hujapanda bodaboda ya kurudi, wala hujaanza Jumatano.

Utahitaji pia kuzungumza na huyo meneja, na hapa vijana wengi hukosea namna ya kuomba. Usiende na habari za samaki. Nenda na saa. Mwambie hivi, na umwandikie vilevile: "Bosi, naomba siku hizi nne, tarehe fulani hadi fulani, niingie saa moja asubuhi nitoke saa kumi. Makaratasi ya meli ya asubuhi yatakuwa yameingia kabla wengine hawajafika." Umempa tarehe mapema, umempa na faida. Akikataa, hujapoteza kitu, bado unatoka saa kumi na moja na maji yapo. Lakini wengi hukubali, hasa kwa kazi yenu ambayo asubuhi mtandao wa forodha hauna msongamano. Ila ngoja kidogo kwanza. Uwe umepitisha miezi mitatu bila kosa tangu ile barua, ndipo uombe.

Jambo moja usilithubutu: kupiga simu kwamba unaumwa. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali ni kosa linaloweza kukufukuzisha papo hapo, na wewe tayari una barua kwenye faili. Nimeona watu wakijifukuzisha wenyewe kwa picha ya samaki kolekole waliyoiweka kwenye simu saa nne asubuhi siku ya ugonjwa.

Sheria hiyohiyo inakupa njia nzuri zaidi. Una haki ya likizo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili, na ukikubaliana na mwajiri kuigawa, fungu mojawapo kwa kawaida liwe wiki mbili mfululizo. Wafanyakazi wa Mombasa wanazo likizo hizi na wanazimaliza Desemba kwenye harusi. Mimi ningekushauri uombe zile wiki mbili Februari au Machi. Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, bado iko, samaki wa nje ya mwamba bado wanapita, nguru na jodari na sulisuli, masika hayajaanza, na pale ofisini pilikapilika za mwisho wa mwaka zimeshatulia. Halafu hesabu ya mwezi iko upande wako: katika siku 14 mfululizo huwezi kukosa bamvua moja na maji mafu mara moja, hata ukichagua tarehe kwa kufumba macho. Andika barua ya likizo Novemba. Anayeomba mapema hupata, na anayeomba wiki ya mwisho huambiwa kuna meli tatu zinangoja.

Kusi, upepo wa kusini, likiingia, kuanzia Mei hivi hadi Septemba, usishindane nalo. Nje kunachafuka na hata wenye vyombo hulala siku nyingi. Wewe unakaa Tudor, hori liko mlangoni pako, na ndani ya hori upepo haukufikii sana. Chaa na mkizi wapo. Wenye dharau huwaita samaki wa watoto, nami huwala kwa ugali bila aibu.

Sasa hilo boti. Hapa ndipo nilipoweka miwani chini.

Sikuzuii kumiliki chombo kwa maisha yako yote, nakuzuia kukimiliki kwa mkopo wa Sacco huku uko ofisini. Tazama namna pesa ya chombo inavyotembea. Chombo kikirudi dikoni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kwanza hutolewa gharama: mafuta, barafu, chambo, chakula cha mabaharia. Kinachobaki ndicho hugawanywa, fungu la chombo, fungu la zana, mafungu ya watu. Yote hayo hufanyika asubuhi, samaki wakipimwa kwa tajiri anayewanunua na mama karanga, wale wanawake wauza samaki wa kukaanga, wakichagua wao, na saa hiyo wewe uko mbele ya kompyuta Kilindini unaingiza namba za makontena. Jioni unapigiwa simu kwamba maji yalikuwa mabaya. Labda yalikuwa mabaya kweli. Huna namna ya kujua, na hata nahodha mwaminifu atachoka kuulizwa na mtu asiyekuwapo.

Kisha mkopo. Makato ya Sacco ni yaleyale Januari na Julai, lakini bahari hailipi Julai kama inavyolipa Januari. Ukiwa bado umeajiriwa, sheria inalinda theluthi moja ya mshahara wako isiguswe na makato, kwa hiyo hutalala njaa. Ukishaacha kazi hakuna mshahara wa kukatwa, na Sacco itawageukia wadhamini wako. Ni nani hao? Tuseme ni Amina wa meza ya pili na yule mzee wa stoo, watu wa ofisi ileile uliyoondoka. Fikiria unakutana nao kwenye feri ya Likoni.

Kama hamu ya chombo haikuachi, kuna njia ya katikati. Tafuta nahodha unayemjua, wa Mtwapa au Likoni au hapo hapo Tudor, mwombe utoke naye kama mmoja wa mabaharia Jumamosi za kaskazi, na uchangie mafuta. Weka daftari. Andika kila safari: lita za mafuta, barafu, samaki kilo ngapi na kwa bei gani, fungu la chombo lilikuwa shilingi ngapi. Fanya hivyo kaskazi nzima, halafu, na hili ndilo watu huliruka, fanya hivyo na kusi nzima. Ukiwa na misimu miwili ndani ya daftari utajua chombo kinalipa nini kwa mwaka, kwa mkono wako mwenyewe, bila kuhadithiwa barazani. Ikiwa fungu la chombo la mwaka mzima haliwezi kulipa makato ya mwaka mzima na ukarabati wa injini juu yake, jibu lako umelipata bila kumuuliza mzee yeyote.

Upande wa nyumbani sina mengi. Mkeo hujamtaja ila kwa idadi, amenitia wasiwasi zaidi mama mkwe. Jedwali lako lenye kalamu nyekundu libandike jikoni. Mwanamke anayejua tangu tarehe mosi kwamba Jumatatu na Jumanne hizi utachelewa hadi saa mbili na nusu, na kwamba siku nyingine zote uko, hana la kugombana. Na samaki umparie wewe mwenyewe kabla ya kumkabidhi.

Vifaa viwe mfuko mmoja, uliofungwa tangu jana usiku, ukae nyuma ya mlango. Mishipi miwili iliyokunjwa, ndoana, machubwi ya uzito mbalimbali, kisu, tochi ya kichwani, koleo. Ngisi wa chambo nunua soko la samaki la Mji wa Kale, umkate vipande virefu vyembamba, gawanya vifuko vidogo, gandisha, kila jioni unatoa kimoja. Ukianza kutafuta chambo saa kumi na moja na nusu, na foleni ya daraja la Nyali ile unayoijua, maji yatajaa na kupwa ungali barabarani. Ukirudi osha kila kitu kwa maji matamu usiku huohuo.

Na chunga vidole, maana ndivyo vinavyokulisha. Tafi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni. Usimshike kiganja kizima. Mbane kichwani kwa kitambaa kinene na umtoe ndoana kwa koleo. Akikuchoma, tia kidole kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, ukae nayo nusu saa au zaidi ukiyaongeza joto, kwa sababu sumu ile huvunjwa na moto. Ukipuuza, kesho yake kibodi utaigusa kwa kidole kimoja. Bunju ukimvua mrudishe baharini, hata kama kuna mtu amekuambia anajua kumtengeneza.

Mahali pa kuvua unapajua kuliko mimi, lakini mipaka nitakukumbusha. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, mbele ya Nyali na Bamburi, iliyotangazwa 1986, hakuna kuvua kabisa, hata kwa mshipi wa mkono. Eneo la akiba linaloizunguka linaruhusu uvuvi wa kienyeji. Waulize wavuvi wa pale wakuonyeshe mpaka ulipo. Gati za bandari na pwani ya wanajeshi wa majini Mtongwe usizikaribie. Mtu wa kampuni ya mizigo akishikwa na mshipi ndani ya gati atapoteza na kitambulisho cha kuingilia. Bunduki ya samaki usinunue, sheria imeikataza. Na pitia ofisi ya Huduma ya Uvuvi ya Kenya ukate leseni. Ya kujifurahisha haikuruhusu kufanya biashara, kwa hiyo siku utakayoanza kuuza, hata kwa majirani, rudi ukaulize ya biashara.

Mwanao mpeleke. Chagua jioni ya Jumamosi au Jumapili maji yakiwa yanajaa polepole, ndani ya hori, mahali penye kivuli na penye ufuo wa kurudia, si kwenye miamba ya ufukwe wa Mama Ngina ambako wimbi la meli hupanda bila taarifa. Mvishe jaketi la kuokolea la saizi yake hata kama mmesimama nchi kavu, na mpe mshipi mwepesi na ndoana ndogo ya kuvulia chaa. Muda wa saa moja na nusu unamtosha. Akianza kurusha mawe majini, kunjeni mishipi mrudi nyumbani.